Sauti inapochelewa kwenye hedifoni: jinsi ninavyoitibu kompyuta ya kurekodia, hapa Arua

Mzee mmoja mpiga adungu, kinubi cha huku kwetu, alikuja kurekodi kwangu, mtaa wa Oli, siku ya Jumatano. Tulisubiri adhana ya alasiri ipite, nikafunga dirisha, nikamvalisha hedifoni na kumfungulia ngoma niliyokwisha kuirekodi wiki iliyotangulia. Akaanza kupiga. Hata mistari minne haikufika, akazima nyuzi kwa kiganja, akavua hedifoni na kuziweka gotini.

"Binti yangu," akaniambia, "kidole kimeshatoka kwenye uzi, sauti bado iko njiani."

Nikazungusha kitufe kimoja kwenye kadi ya sauti, kile kisanduku kinachounganisha maiki na hedifoni na kompyuta, akajaribu tena, akatikisa kichwa kukubali. Tukarekodi wimbo mzima. Usiku nikasikiliza: adungu ilikuwa nyuma ya ngoma tangu mwanzo hadi mwisho. Kesho yake nikamwambia, "Mzee, jana umechelewa kidogo, turudie." Hakusema kitu. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu ilitoka nyuma vilevile. Nikamwona anaitazama mikono yake. Mzee huyu anapigia kwaya tangu mimi sijaingia shule.

Hakuwa amechelewa hata mara moja. Kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa ikiiweka sauti yake mahali pasipo pake, na mimi nikamtwika yeye lawama. Ndiyo maana naandika mwongozo huu, kwa yeyote mwenye laptopu moja, maiki moja, kadi ndogo ya sauti na chumba chenye godoro ukutani: kabla hujamwambia mtu kwamba hajui kufuata mdundo, ipime mashine yako.

Jua kwanza ni ugonjwa upi

Vijana wanaokuja kwangu husema "Shangazi, inachelewa," na neno hilo moja hubeba magonjwa matatu.

Kuna kuchelewa kwa kusikia. Unaimba, na sauti yako inakufikia kwenye hedifoni baadaye kidogo. Kinachoingia kwenye treki kinaweza kuwa sawa kabisa. Shida ni kwamba mwimbaji anavurugwa.

Kuna mikwaruzo: tik, tik, sauti inapasuka, mara inakatika. Hapo kompyuta imezidiwa na kazi.

Halafu kuna ule uliomkuta mzee wangu. Alisikia vizuri, akapiga vizuri, lakini treki ikakaa nyuma ilipochezwa. Huu ndio unaoharibu heshima za watu, kwa sababu wakati wa kurekodi hakuna anayeuona.

Itakubidi uyatenganishe, maana dawa ya mmoja huchochea mwingine. Ukishusha bafa (nitaieleza sasa hivi hapo chini) kwa haraka ili kutibu wa kwanza, unaualika wa pili. Na kile kitufe nilichozungusha Jumatano kilitibu wa kwanza na kuuacha wa tatu vilevile, nami nikadhani nimemaliza kazi.

Bafa ni nini hasa

Kompyuta haibebi sauti tone kwa tone. Fikiria bombani. Anayechota kwa kikombe anafikisha maji nyumbani upesi, lakini hapumziki, na akijikwaa mara moja tu watu wanakosa maji. Anayesubiri jerikani ya lita 20 ijae anatembea bila haraka, ila walioko nyumbani wanangoja. Bafa ni ukubwa wa chombo hicho, na hupimwa kwa sampuli, yaani vile vipande vidogo vya sauti ambavyo kompyuta huchukua maelfu kwa maelfu kila sekunde.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya bafa kwa idadi ya sampuli za kila sekunde. Ukirekodi kwa sampuli 48,000, bafa ya 64 ni milisekunde 1.3, ya 128 ni 2.7, ya 256 ni 5.3, ya 512 ni 10.7, ya 1,024 ni 21.3. Lakini sauti inaingia na tena inatoka, kwa hiyo izidishe mara mbili, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya kadi yenyewe kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, pamoja na safari ya waya wa USB. Bafa ya 256 kwangu huishia karibu milisekunde 13.

Ukitaka kuzihisi namba hizo, zigeuze kuwa umbali. Sauti hewani hukimbia takriban mita 343 kwa sekunde, yaani milisekunde moja ni kama sentimita 34. Milisekunde 10 ni kama kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika. Mpiga gitaa hazimsumbui sana. Amezoea kukaa mbali na spika yake. Mwimbaji zinamsumbua, kwa sababu sauti yake mwenyewe inamfikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa, halafu inakuja tena kwenye hedifoni ikiwa imechelewa. Hizo mbili zikikutana zinalana, na sauti inakuwa kama ya mtu anayeimba ndani ya debe. Mwimbaji akikuambia "sauti yangu ni nyembamba leo", usikimbilie kuongeza besi. Angalia ucheleweshaji kwanza.

Dawa ya kusikia

Kadi nyingi za sauti, hata zile ndogo, zina kitufe au kirungu kinachopeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Kitumie. Ucheleweshaji unakaribia kwisha kabisa, na bafa unaweza kuiacha kubwa. Sharti lake ni moja: zima usikilizaji wa treki hiyo ndani ya programu. Ukisahau, utasikia sauti mbili, ya papo hapo na iliyochelewa, na utadhani maiki imeharibika.

Hapa waimbaji hulalamika: sauti ya moja kwa moja ni kavu, hawana mwangwi. Mabinti wanne wa kaswida waligoma kabisa kuimba bila mwangwi. Nilichofanya ni kuwasikilizisha sauti kavu kutoka kwenye kadi, na kwenye programu nikaweka plagini (programu ndogo inayoongezwa ndani ya programu ya kurekodi) ya mwangwi iliyotoa mwangwi peke yake, sauti kavu ikiwa imeshushwa hadi sifuri. Mwangwi ukichelewa milisekunde 25 hakuna anayejua, kwa kuwa hata chumbani au msikitini mwangwi hufika baada ya sauti yenyewe. Wakaimba saa nzima bila mtu kulalamika. Katika mambo yote niliyoyaandika hapa, hili ndilo ninalolipenda zaidi, na halikunigharimu shilingi.

Kama kadi yako haina kitufe hicho, au unapiga kinanda kinachotoa sauti ndani ya kompyuta, utalazimika kushusha bafa. Hapo draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi, ndiyo yenye neno. Kwenye Windows usirekodi kwa zile draiva za zamani za kawaida. Tumia ASIO, njia iliyoletwa na Steinberg mwaka 1997 ili programu ya muziki izungumze na kadi bila kupita mikononi mwa Windows. Pakua draiva ya ASIO kutoka kwa mtengenezaji wa kadi yako. Kama hakuwahi kuitengeneza, weka ASIO4ALL, ambayo ni ya bure. Ukiifungua, washa kadi yako ya nje tu na uzime ile ya ndani ya laptopu. Hakikisha pia kasi ya sampuli kwenye Windows na kwenye programu ni ileile. Ukiona 44,100 upande mmoja na 48,000 upande mwingine, zisawazishe kabla ya kugusa kingine.

Hedifoni za Bluetooth ziweke kando. Nyingi huchelewesha zaidi ya milisekunde 100, na hakuna bafa itakayoziponya. Tumia za waya, hata zile za bei ndogo.

Na kagua plagini. Zile zinazochungulia mbele kabla ya kufanya kazi, kama vizuizi vya sauti vya kumalizia wimbo, visawazishi vya aina ya awamu sare na visafishaji vya kelele, huchelewesha mradi mzima ili treki zote zilingane. Kijana mmoja alishusha bafa hadi 64 na bado alikuwa anajisikia kwa mbali. Tulipoondoa plagini mbili kwenye treki kuu, ugonjwa ukaisha. Rekodi kwanza, pamba baadaye.

Mikwaruzo, na kisa cha chaja

Anza na bafa ya 256. Ikikwaruza, panda 512. Ikitulia, shuka 128 ujaribu. Sisi wenye laptopu zilizotumika, zile za ofisini zinazoingia Kampala na kuletwa huku kwa basi, mara nyingi tunaishia 128 au 256, na hiyo inatosha kabisa kurekodi.

Lakini kuna laptopu inayokwaruza hata kwenye 1,024. Hapo bafa haina kosa.

Kijana mmoja alikuja kutoka upande wa Yumbe, laptopu yake ikiwa imefungwa ndani ya kanga ili isiingie vumbi. Alikuwa ameshaambiwa anunue nyingine. Prosesa yake ilikuwa nzuri, RAM gigabaiti 8, diski ya SSD. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nikafungua ukurasa unaoonyesha kazi ya prosesa, tukatazama kasi. Ilikuwa imeganda kwenye gigahezi 0.78, na haikupanda hata tulipofungua mradi mzito. Prosesa ile inatakiwa kupita gigahezi 2 bila taabu. Nikaizima na kuiwasha tena, na safari hii tukasoma kile kiandishi cha mwanzo ambacho yeye alikuwa akikiruka kila siku: aina ya chaja haikutambuliwa. Chaja yake ya awali ilikufa, akauziwa nyingine sokoni. Plagi inaingia, taa inawaka, lakini laptopu haijui chaja ina nguvu kiasi gani, kwa hiyo inajishusha kasi ili isijiumize. Nikachomeka chaja yangu ya wati 65 ya aina ileile. Kasi ikapanda hapohapo mbele ya macho yetu, na mikwaruzo ikaisha kwenye bafa ya 128. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Shangazi, mimi nilishaanza kutafuta mteja wa kuiuza."

Kwa hiyo tazama kasi ya prosesa kabla ya lolote. Itazame na umeme ukiwapo, halafu uitazame laptopu ikiwa kwenye betri. Huku kwetu umeme hukatika katikati ya wimbo, laptopu ikahamia betri, na Windows ikapunguza kasi bila kukuuliza. Nenda kwenye mipangilio ya nguvu, chagua hali ya utendaji wa juu kwa pande zote mbili, na uzime ule utaratibu wa kulaza milango ya USB ili kuokoa betri.

Joto nalo hushusha kasi vilevile. Kuanzia Desemba hadi Machi vumbi letu jekundu hujaa kwenye feni. Safisha feni, na usiweke laptopu juu ya godoro. Mimi huiinua kwa vipande viwili vya mbao.

Kasi ikiwa sawa na bado inakwaruza, pakua LatencyMon, programu ndogo ya bure, uiache itembee dakika kumi huku ukicheza muziki. Itakuonyesha draiva ipi inashika prosesa kwa muda mrefu bila kuachia. Tazama hesabu: bafa ya 64 inatoa milisekunde 1.3 tu za kufanya kazi. Draiva moja ikishika prosesa milisekunde 2, bafa hiyo itakosa zamu yake, hata kama kipimo kinaonyesha prosesa imetumika asilimia 10. Ndiyo maana unaona kompyuta imepumzika lakini sauti inapasuka. Ukikuta jina ndis.sys juu ya orodha, hiyo ni mambo ya mtandao: zima Wi-Fi na Bluetooth, chomoa modemu, ujaribu tena. Ukikuta draiva ya skrini, tafuta toleo lake jipya au rudi kwenye la zamani.

Kadi ya sauti ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, usiipitishe kwenye kigawanyaji cha USB ulichochomeka pia flashi na simu inayochaji. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Treki iliyokaa nyuma: kipimo cha mzunguko

Sasa narudi kwa mzee. Programu ya kurekodi inajua kwamba sauti huchelewa njiani, kwa hiyo baada ya kurekodi huisogeza mbele, yaani ianze mapema zaidi, ili ikae mahali ilipopigwa. Isogeze kiasi gani? Huiuliza draiva. Draiva nyingine husema kweli, nyingine hukosea, na wakati mwingine programu imezimwa isiulize kabisa. Njia ya kujua ni kupima, na kipimo hakichukui zaidi ya dakika kumi.

Chukua waya wa gitaa, uchomeke kutoka tundu la sauti inayotoka kwenye kadi hadi tundu la sauti inayoingia. Shusha gaini, yaani nguvu ya sauti inayoingia. Zima usikilizaji wa moja kwa moja kwenye kadi, zima pia usikilizaji wa treki kwenye programu, la sivyo sauti itazunguka yenyewe na kupiga yowe. Usivae hedifoni wakati huu.

Weka kwenye treki ya kwanza mlio mfupi mkali, kama mgongano wa vijiti viwili. Treki ya pili irekodi kinachoingia kupitia waya. Cheza na kurekodi kwa pamoja. Kisha kuza picha ya sauti hadi uone nukta mojamoja, badilisha rula isome sampuli badala ya sekunde, na upime kutoka mwanzo wa mlio wa kwanza hadi mwanzo wa ule uliorekodiwa. Zikilingana, draiva yako inasema kweli. Zikiachana, hiyo tofauti ndiyo deni la mashine.

Kama huna waya, bana hedifoni kwenye maiki kwa mkono na urekodi hivyohivyo. Sentimita moja ya hewa ni sampuli moja au mbili tu, haiharibu kipimo.

Yangu ilisoma sampuli 1,152. Gawanya kwa 48 upate milisekunde 24. Kwa umbali ni mita nane na kidogo: ni kama nilimketisha mzee chini ya mwembe nje, karibu na lango, halafu nikamlaumu kwa kutofika kwenye maiki kwa wakati. Na ukiangalia vizuri, 1,152 ni bafa ya 512 mara mbili, inabaki 128. Nilijua hapohapo kwamba programu haikuwa ikifidia kitu.

Programu ninayorekodia ni Reaper. Kwenye mipangilio yake ya kurekodi kuna kisanduku cha kutumia ucheleweshaji ulioripotiwa na draiva; kwangu kilikuwa hakina tiki. Nikakiwekea tiki, nikapima tena, zikabaki sampuli 96. Hizo 96 nikaziandika kwa mkono kwenye nafasi ya masahihisho iliyo palepale. Nikapima mara ya tatu, tofauti ikawa sampuli moja. Programu yako isipokuwa na nafasi hiyo, andika namba yako ukutani na usogeze kila klipu mbele kwa kiasi hicho baada ya kurekodi. Inachosha, lakini ni kazi ya uaminifu.

Pima upya kila unapobadilisha draiva, bafa, kasi ya sampuli au mlango wa USB. Mimi nina kadi ya karatasi iliyobandikwa kwenye kifuniko cha laptopu: tarehe, bafa, sampuli, deni. Pima pia kabla ya kurekodi mtu yeyote mpya, hasa ngoma, adungu na makofi, ambavyo mwanzo wa sauti yake ni mkali na hauna pa kujificha. Sauti ya kwaya inayoanza polepole inaweza kukaa nyuma milisekunde 24 usigundue, ukadhani tu kwamba wimbo hauna nguvu.

Zile rekodi tatu za marudio sikuzitumia. Nilifungua ile ya Jumatano, ya kwanza kabisa, nikaisogeza mbele sampuli 1,152 bila kugusa kitu kingine. Nikamtumia mzee ujumbe aje.

Alikuja jioni na mjukuu wake. Nilimwomba radhi kabla hajaketi. Nikamwambia, "Mzee, hii ni ile ya Jumatano. Sijaibadilisha. Nimeirudisha mahali ulipoipiga." Nikabonyeza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kidole gumba kikigonga goti pamoja na ngoma, na adungu ikagonga pamoja na kidole. Wimbo ulipokwisha akamgeukia mjukuu wake, akamwekea hedifoni masikioni kwa mikono miwili, akaniambia nianze tena kutoka juu.